Seva ya zamani ya Compaq inazima ghafla, na UPS haisaidii

limbani_sauti:

Assalaam alaykum jamaa. Natafuta mtu anayezifahamu seva za zamani, maana mafundi niliowauliza hapa Wete wote wananambia niitupe, na mimi siwezi kuitupa.

Ni Compaq ProLiant ML370, toleo la kwanza, zile za Pentium III zilizotoka mwaka 2000, kabla ya Compaq kuungana na HP mwaka 2002. Ilikuwa ya ami yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa na studio ndogo hapa Limbani, na kila alichokirekodi alikihamishia humu: taarab za harusini, msewe, nyimbo za mchezo wa ng'ombe, kasida za watoto wa madrasa, wazee wakisimulia mambo ya zamani. Kanda zenyewe zimeota ukungu na hazichezeki tena. Kilichobaki ni hiki kilichomo kwenye diski, GB 48 za mafaili ya WAV. Kwa ubora wa CD dakika moja inachukua kama MB 10, kwa hiyo ni karibu masaa 80 ya sauti. Baadhi ya wanaosikika humo wameshatangulia mbele ya haki, na sijui pahala pengine popote zilipo sauti zao.

Sasa seva inazima. Haijiwashi upya, haionyeshi kosa lolote kwenye skrini. Feni zote zinanyamaza kwa pamoja, papo hapo. Nikisubiri dakika moja au mbili nikabonyeza swichi, inawaka vizuri kabisa. Siku nyengine inakaa kutwa nzima bila ya neno, siku nyengine haifiki robo saa.

Niliyoyaona ni haya. Inazima zaidi jioni, baina ya magharibi na isha, ingawa hata mchana hutokea. Inazima zaidi ninapoanza kunakili mafaili kuliko ikiwa imekaa tu. Kompyuta ya kawaida ya mezani iliyo chumba hicho hicho haizimi. Na seva ina UPS mpya (kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika), betri yake nzima, nimeijaribu kwa taa na inashika. Ndiyo maana nimechanganyikiwa: ikiwa tatizo ni umeme, UPS inafanya nini pale?

Mwenye ujuzi anisaidie. Lengo langu la kwanza ni kuzitoa sauti. Mashine yenyewe nitaishughulikia baadaye.

mwanakwerekwe_pc:

Waalaykum salaam. Yakhe, anza na joto. Mashine za umri huo nyingi zikifunguliwa unakuta vumbi limejaa kwenye mapezi ya prosesa na ile dawa ya joto chini yake imekauka na kupasuka. ProLiant ina vipimo vya joto na inajizima yenyewe ikiona hatari, na vile vile inajizima feni muhimu ikifa. Puliza vumbi, badilisha dawa, angalia feni moja moja.

Jengine, kuna kitu kinaitwa ASR. Ni saa ya ulinzi: programu ya Compaq ndani ya Windows inatakiwa iiguse kila baada ya muda, isipoguswa seva inaamini kwamba mfumo umeganda na inauanzisha upya. Programu ile ikiharibika, seva nzima kabisa huanza kujiwasha na kujiwasha. Izime kwenye usanidi ujaribu.

limbani_sauti:

Ahsante sana kaka. Vumbi nimeshalipuliza na feni zote zinazunguka. Kuhusu joto, nimeisoma logi ya seva yenyewe, ile IML, hamna onyo la joto wala la feni. Na ASR kama ulivyosema inaiwasha upya, wakati yangu inazima na kubaki imezima mpaka niiwashe kwa mkono.

Kwenye Windows 2000 nimefungua orodha ya matukio. Kila baada ya kuzima napata tukio namba 6008 peke yake, lile linalosema kwamba mara ya mwisho mfumo ulizimika bila kutarajiwa. Sipati 6006, ambalo huandikwa mfumo ukizimwa kwa utaratibu. Maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kujua kwamba inazima.

bandari_mkoani:

Mbona unajitaabisha? Chomoa diski, zitie kwenye kompyuta nyengine, nakili, maliza. Seva iuze kwa wanaonunua chuma.

data_forodhani:

Ndugu yangu wa Limbani, tafadhali usifanye hivyo kabla hujasoma hapa.

Diski za ML370 ni SCSI (aina ya zamani ya muunganisho wa diski za seva) za plagi ya pini 80, hazichomeki kwenye kompyuta ya kawaida bila ya kadi na adapta. Ukivipata vyote viwili bado kuna jambo kubwa zaidi. Kama diski zimeunganishwa kwa RAID (mtindo wa kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja) ya aina inayogawa data, kama RAID 5, kupitia kadi ya Smart Array inayoziendesha, usitegemee kupata faili kamili la sauti kwenye diski moja. Kila faili limekatwa vipande na kutawanywa kwenye diski zote. Ukizichomeka kwenye Windows ya leo itaona diski isiyoielewa na itakuuliza kama unataka kuiandaa. Ukijibu ndiyo, inaandika juu ya diski, na hapo umeanza kuzipoteza sauti za ami yako.

Habari njema ni kwamba kadi za Smart Array zinaandika mpangilio wa RAID kwenye diski zenyewe, kwa hiyo seva ikifa kabisa unaweza kutafuta ProLiant nyengine ya zama hizo yenye kadi ya ukoo huo huo. Lakini hiyo iwe njia ya mwisho. Kwa sasa chukua peni ya wino usiofutika, andika namba kwenye kila diski kufuatana na tundu lake, kisha usiziguse. Mashine inayowaka, hata kama inazima kila jioni, ina thamani kuliko diski zilizochomolewa.

limbani_sauti:

Ahsante dada, umenizuia na jambo baya. Diski zipo nne za GB 18.2, RAID 5. Nimeshaziandika namba.

mwalimu_machomane:

Limbani, pole na hongera kwa kuzihifadhi sauti hizo. Mimi nipo Chake, nafundisha umeme na nimezifungua pawa saplai nyingi, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani na kuilisha mashine. Maelezo yako mazuri sana, hasa hilo la 6008 bila 6006. Hilo linatuondoa kabisa kwenye Windows, na logi ya IML inatuondoa kwenye joto. Tumebaki na umeme. Nijibu mambo manne. Kutoka ukutani mpaka kwenye seva umeme unapita kwenye vitu gani, kwa mpangilio? Inapozima unasikia mlio wowote kabla? Ina pawa saplai ngapi zinazofanya kazi? Na ukutani una volti ngapi asubuhi, na ngapi wakati wa magharibi?

limbani_sauti:

Shikamoo mwalimu. Kutoka ukutani inaingia kwenye stebilaiza (ya kusawazisha volti), kisha UPS, kisha seva. Kompyuta ya mezani haipiti huko, imechomekwa moja kwa moja ukutani.

Mlio upo. Sikuutilia maanani, lakini ulivyouliza nimekaa nikasikiliza: stebilaiza inafanya "tak", pengine UPS nayo inafanya "tak", na hapo hapo seva kimya. Dada yangu anauza barafu za ukwaju, ana friza kubwa kwenye laini hiyo hiyo. Likianza kunguruma taa ya chumbani hufifia kidogo, na mara nyingi huo ndio wakati wenyewe.

Pawa saplai nzima ni moja. Nafasi ni mbili, ya pili taa yake haiwaki kabisa. Volti asubuhi nimepata 231. Baada ya magharibi nimepata 192.

mwalimu_machomane:

Marahaba mwanangu. Basi tumeshafika, soma taratibu.

Ndani ya pawa saplai, upande unaopokea umeme wa ukutani, mna kapasita kubwa. Kazi yake ni akiba. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Umeme ukikatika kwa muda unaokaribia huo, pawa saplai nzima inatakiwa iendelee kuilisha madabodi kutoka kwenye akiba ile, na seva isijue kwamba kimetokea kitu. Sasa kapasita za aina hii zina majimaji ndani. Miaka inavyokwenda yanakauka, na joto linaharakisha: kanuni tunayoifuata ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wa kapasita unapungua kwa nusu. Yako ina zaidi ya miaka 20, na chumba kilichofungwa cha Wete wakati wa kaskazi unakijua mwenyewe. Hilo si kosa la Compaq. Hakuna kapasita ya majimaji isiyokauka.

Kwa hiyo akiba imepungua, na hakuna njia ya kuliona hilo kwa macho. Seva inawaka, inafanya kazi, volti za ndani ukizipima zipo sawa. Inashindwa kwenye pengo tu.

Na mapengo unayatengeneza wewe mwenyewe kwa nia njema. Hiyo UPS, kama ni ile ya kawaida ya bei nafuu, haiilishi seva kutoka kwenye betri wakati wote. Umeme ukiwepo inaupitisha tu. Ukishuka ndipo rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inaporuka kwenda upande wa betri, na mruko huo unachukua milisekunde kadhaa, mara nyingi baina ya 2 na 10. Kwa kompyuta nzima si kitu. Stebilaiza ya rilei nayo, kila inapobadilisha hatua ya volti, inakata kidogo. Sasa tazama mfululizo wako: friza linaanza na kuvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti inashuka, stebilaiza inaruka, UPS inaliona lile pengo la stebilaiza na yenyewe inaruka. Seva imepigwa mara mbili ndani ya kipindi kifupi mno, na haina akiba ya kuvumilia hata mara moja. Ndiyo maana kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani inasalimika. Imepata mshuko wa volti tu, haikukatiwa.

Jioni ni mbaya zaidi kwa sababu akiba ya kapasita inafuata mraba wa volti. Katika pawa saplai nyingi za zama zile, umeme ukishuka kutoka 230 hadi 192 inabaki kama asilimia 70 tu ya akiba, na hiyo ni kwa kapasita nzima. Na inazima unaponakili kwa sababu diski na prosesa zinapofanya kazi zinavuta zaidi, akiba inaisha mapema zaidi. Ile pawa saplai ya pili ingekuwa hai zingegawana mzigo, na pengine usingeuona ugonjwa huu kwa miaka mingine.

Usiniamini kwa maneno, pima. Washa seva, ingia kwenye ukurasa wa usanidi kabla Windows haijaanza, maana pale hakuna kinachoandikwa kwenye diski. Toa stebilaiza, bakisha UPS peke yake. Kisha chomoa plagi ya UPS ukutani. Ikifanya "tak" na seva ikafa, jibu umelipata.

limbani_sauti:

Mwalimu, nimefanya kama ulivyosema, asubuhi volti zikiwa 230. Nimechomoa UPS ukutani, "tak", seva imekufa hapo hapo. Nikaihamishia kompyuta ya mezani kwenye UPS ile ile, nikachomoa, ikaendelea kama hakuna kilichotokea.

Sasa nifanyeje nizitoe sauti? Kununua UPS ya ile aina inayolisha kutoka betri wakati wote sina uwezo kwa sasa.

mwalimu_machomane:

Huihitaji. Tafuta mtu mwenye sola. Unataka inveta inayotoa wimbi safi, zile za "pyua saini", si za wimbi la ngazi. Jambo la kuliangalia kwa makini: inveta iwe inafanya kazi kwa betri tu, isiunganishwe kabisa na umeme wa ukutani. Zile zinazopokea vyote viwili nazo zina rilei, zitakufanyia yale yale.

Hesabu yake ni hii. Betri ya volti 12 na Ah 200 ina Wh 2,400. Kama ni ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, na inveta yenyewe itakula kama asilimia 15, unabaki na Wh 1,000 na kidogo. Seva hiyo ikila W 200 una masaa 5.

data_forodhani:

Masaa 5 yanatosha ukipitia waya wa mtandao. Usitumie USB ya seva. Za wakati ule ni 1.1, unapata kama MB 1 kwa sekunde, GB 48 zitachukua masaa 13. Waya wa mtandao wa 100 Mbit ukikupa hata MB 6 kwa sekunde, ni masaa mawili na robo hivi.

Laptopu za sasa zinakataa kuzungumza na Windows 2000 kwa njia ya kawaida ya kushirikisha mafaili, kwa sababu toleo lile la zamani limefungwa kwa usalama. Badala ya kuhangaika nalo, washa huduma ya FTP (njia ya kuhamisha mafaili kupitia mtandao) kwenye Windows 2000, imo ndani ya sehemu yake inayoitwa IIS, kisha vuta kutoka kwenye laptopu kwa programu ya FileZilla. Ikikatika katikati inaendelea pale ilipofikia. Usiunganishe seva na intaneti, waya uwe baina ya mashine mbili tu.

Anza na folda ya sauti zisizopatikana pengine. Usianze na kubwa wala na ya kwanza kwenye orodha. Ukimaliza, linganisha ukubwa wa kila faili pande zote mbili, na zaidi ya hapo toa alama za MD5 za nakala yako (namba zinazotokana na yaliyomo kwenye kila faili) uzihifadhi pamoja nayo, ili miaka ijayo ujue kama kuna faili limeharibika. Kisha nakala ya pili iende nyumba nyengine, isiwe chini ya paa moja na ya kwanza.

limbani_sauti:

Alhamdulillahi, sauti zimetoka. Zote.

Jirani yetu ana sola kwa ajili ya kuku wake, betri mbili kubwa na inveta safi, haijaunganishwa na umeme wa ukutani. Tuliibeba seva kwa gari la ng'ombe, maana nzito na sikutaka itikisike kwenye pikipiki. Niliiwasha baada ya alasiri, sola ikiwa bado inachaji, na ilinakili moja kwa moja bila kuzima. Magharibi ikapita, isha ikapita, feni zinaendelea. Nilianza na folda ya wazee wanaosimulia, kama dada alivyoshauri. Imo sauti ya bibi yangu mzaa baba akieleza namna karafuu zilivyokuwa zikichumwa na kuanikwa zama zao, na sikujua kabisa kwamba ami alimrekodi.

Nakala moja ninayo mimi, nyengine nimempelekea shangazi yangu Mtambwe.

Sasa mwalimu, naomba nitengeneze pawa saplai. Nataka mashine hii iendelee kuwaka. Kuna nyimbo ambazo ami alizipanga kwa programu ya zamani iliyomo humu tu, na majina ya waimbaji yamo kwenye programu hiyo, hayamo kwenye mafaili. Itachukua muda kuyanukuu.

mwalimu_machomane:

Nimefurahi mno. Itengeneze, lakini usiifungue peke yako. Kapasita zile zinachajiwa kutokana na umeme wa 230, kilele chake kinafika volti 325, na zinaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Imeshawahi kuua watu. Zinatakiwa ziachwe kwanza, kisha zitolewe chaji kwa kizuizi (rizista) au balbu ya zamani yenye waya, kisha zipimwe kwa mita kabla ya kidole kuingia. Niletee hapa Chake au mlete fundi wa redio mwenye uzoefu.

Badilisha kapasita zote mbili zilizo upande wa umeme mkubwa, usibadilishe moja. Ukubwa wa µF uwe ule ule ulioandikwa. Volti ziwe zile zile au zaidi, zisipungue. Chagua zilizoandikwa nyuzi 105, usichukue za 85. Pima kipenyo na urefu wa zile za zamani kabla hujaagiza, maana nyengine haziingii kwenye nafasi. Darajani unaweza kuzipata, ukizikosa agizia Kariakoo, Dar. Kapasita yoyote utakayouziwa ipimwe kabla ya kuunganishwa, kwa sababu zipo zilizokaa dukani mpaka zimekauka kama zako.

Na ile pawa saplai ya pili iliyokufa uje nayo. Huenda ni fyuzi ya ndani au kapasita ndogo inayoianzisha, na zikiwa mbili zitagawana kazi.

limbani_sauti:

Nimekwisha kuzichomoa pawa saplai zote mbili. Stebilaiza nimeipeleka kwenye friza la dada, na seva imekaa bila umeme mpaka nije. Nitakuja Chake Jumamosi, inshaallah, nikitoka na gari ya asubuhi.

mwanakwerekwe_pc:

Mwalimu, mimi nina mashine ya kurekodi kamera kwenye duka la mteja, inazima vile vile UPS ikiruka, na nilikuwa natafuta feni. Nayo ina adapta ya nje, si pawa saplai ya ndani. Ni hivyo hivyo?

mwalimu_machomane:

Ni hivyo hivyo. Kapasita ndogo zaidi, akiba ndogo zaidi. Badilisha adapta kwanza, yenye volti zile zile na ampea zisizopungua, kisha rudia kuchomoa UPS ukutani uone.